Kura za Ekipi ya Usiku Nazo ni Kura

Wandugu wafanya kazi, wandugu wachimbaji wa mukono, na ninyi bamama munaobakia ku nyumba wakati sisi tuko ku shimo: jambo la leo ni hesabu. Si hesabu ya mushahara, ile tutairudilia siku ingine. Leo ni hesabu ya kura.

Hivi karibuni, katika mukutano wa sendika yetu, tulianza kutayarisha uchaguzi wa wadelege. Ndugu mumoja wa atelie akanyanyua mukono, akasema: «Ni siye baafrika tu njo tunagombania kura. Kwa Wazungu hapana. Kule mutu akishindwa, anapana mukono, anaenda kulala.» Watu wakacheka, wengi wakakubali. Sisi tuliokuwa mbele hatukumujibu vizuri, juu saa ya bisi ilikuwa imefika. Tunamujibu hapa, kwa maandishi, kusudi na wengine wasikie.

Ndugu yetu, hata kule wanagombania. Na kama tunaangalia vizuri namna walivyogombania, tutaona kitu cha kutusaidia mu uchaguzi wetu.

Tutwae jimbo la Iowa, kule Marekani. Ni jimbo la walimaji wa mahindi na wafugaji wa nguruwe. Kwa miaka mingi, ni kule njo vyama viwili vikubwa vya Marekani vilikuwa vinaanzia kazi ya kumutafuta kandida wao wa urais. Maana kule kandida hatoki juu mukubwa wa chama amesema jina lake. Wanachama wenyewe wanapiga kura, jimbo moja, kisha lingine, miezi inapita, mupaka kandida anajulikana. Huku kwetu, mara nyingi tunaitwa ku mukutano, tunapewa kofia na kitenge, tunapiga makofi, na kandida ametoka. Ndani ya vyama vyetu hatugombanie hesabu ya kura, kwa sababu kura yenyewe haiko. Hiyo si amani ya kujisifia.

Sasa, tarehe 3 mwezi wa kwanza mwaka 2012, wanachama wa chama cha Republican katika Iowa walikutana usiku mu fasi 1.774: mu masomo, mu makanisa, mu masale ya mikutano. Walipita 120.000. Kila mutu aliandika jina la kandida wake ku kipande cha karatasi. Vile vipande vilihesabiwa palepale na majirani, watu wasiolipwa hata franga moja. Kisha hesabu ilipelekwa kwa biro ya chama usiku ule ule, na tena iliandikwa ku karatasi rasmi yenye kutiwa sinyatire, ambayo ilipashwa kufika nyuma, katika siku 14. Tushike vizuri: haikuwa serikali iliyohesabu. Chama chenyewe njo kilihesabu kura zake, sawasawa vile sisi wa sendika tunajihesabia zetu.

Usiku ule wakatangaza: Mitt Romney 30.015, Rick Santorum 30.007. Tofauti ni kura 8. Kura nane! Ekipi moja ya kuchimba inapita ile hesabu. Lakini asubui, magazeti yaliandika kama Romney ameshinda, na watu wakalala na lile jina mu masikio.

Huyu Santorum, babu yake alitoka Italia, akafanya kazi ku mine za makaa ya mawe katika Pennsylvania. Usiku ule ule yeye mwenyewe alimusema babu yake mbele ya watu. Hatusemi hivi kusudi tusifu siasa yake. Katika mambo mingi ya wafanya kazi hatungekuwa upande wake. Tunasema tu kama hakuwa na feza mingi, alizunguka teritware zote 99 za lile jimbo, moja kisha ingine, na kura zake zilipashwa kuhesabiwa sawa za mwenye feza.

Kisha ikawa hivi. Katika fasi moja ndogo, fasi ya watu 53 tu, kijana mumoja alisaidia kuhesabu. Hakuwa mukubwa wa chama. Lakini alichukua biki, akajiandikia hesabu ku karatasi yake. Siku zilizofuata, akaangalia hesabu iliyotangazwa na chama, akashangaa. Ku karatasi yake, Romney alikuwa na kura 2. Ku hesabu ya chama, ilikuwa 22. Kijana akasema mbele ya watu wote. Namba 2 moja iliyoongezwa, kwa kosa ao kwa kitu kingine, inatosha kuleta kura 20 zisizokuwako. Na shindano lote lilikuwa la kura 8.

Wakubwa wa chama hawakufurahi. Lakini makaratasi rasmi yalikuwa yanafika polepole, na yenyewe haiogope mutu. Tarehe 19 ya ule mwezi, hesabu mupya ikatoka: Santorum 29.839, Romney 29.805. Santorum mbele kwa kura 34. Na makaratasi ya fasi 8 hayakuonekana hata siku moja, mupaka leo. Chama kikasema kwanza kama ni vigumu kumutaja mushindi. Kisha kikamutaja Santorum. Mbele mwezi haujaisha, mukubwa wa chama katika lile jimbo akatangaza kama anaacha kiti.

Mutasema: basi, haki ilipatikana. Ilipatikana, ndiyo, lakini ilichelewa siku 16. Katika zile siku, Romney alikuwa ameshashinda katika jimbo lingine, New Hampshire, na ku kila redio aliitwa mutu aliyeshinda mara mbili. Kwenye siasa, feza na watu vinafuata jina la mushindi. Nyuma yake ni Romney njo alikuwa kandida wa chama, na mwezi wa 11 alishindwa na Obama. Hatuseme kama kura 34 zingebadilisha yote, hakuna anayejua. Tunachosema ni hiki: jambo linalotangazwa kwanza, masikio yanalishika. Kurekebisha kunakuja kisha watu wameshatoka ku uwanja.

Kuko na somo lingine ndani ya ile ile hadisi, na somo hili ni la kutuchoma siye wenyewe. Zile kura za usiku hazikuwafunga wajumbe ambao wangeenda ku mukutano mukubwa wa chama. Wajumbe walichaguliwa mu mikutano ingine, iliyoanza palepale kisha kura, wakati watu wengi walishaenda nyumbani. Watu wa kandida wa tatu, Ron Paul, walibakia. Walikaa mupaka mwisho, mukutano kwa mukutano, mwezi kwa mwezi. Na mwezi wa 8, ku mukutano mukubwa wa Tampa, katika wajumbe 28 wa Iowa, 22 walikuwa wake. Santorum aliyeshinda hesabu, hapana hata mumoja. Mutu anaweza kuona kama ni wizi. Sisi tunaona kama ni malipo ya kutoka haraka. Wangapi kati yetu wanabakia mu sale kisha kupiga kura?

Mwezi wa 2 wa ule mwaka 2012, katika jimbo la Maine, chama kile kile kilitangaza kama Romney amemupita Ron Paul kwa kura 194. Lakini teritware moja, Washington County, ilikuwa haijapiga kura. Walisogeza siku juu ya teluji iliyotangazwa. Chama hakikuwangojea. Kisha siku saba wale watu wakapiga kura yao, na Ron Paul akawa mbele kwao, lakini haikutosha kugeuza. Wengine wakasema: munaona, ilikuwa bure kulalamika. Sisi hatukubali. Mutu aliyeambiwa mushindi ameshajulikana mbele hajapiga kura, huyo ameambiwa kama yeye si mutu wa ile nyumba.

Na hapa, wandugu, haifai kucheka watu wa Maine. Mwisho wa 2018, hapa kwetu Kongo, watu wa Beni, wa Butembo na wa Yumbi waliambiwa wangojee. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa wa Ebola na kukosa usalama. Walikuwa zaidi ya milioni moja ku liste. Rais alitangazwa mu mwezi wa kwanza 2019, akaapa tarehe 24, na wao wakapiga kura mu mwezi wa tatu, ya wabunge tu. Mwaka 2023, watu wa Masisi, wa Rutshuru na wa Kwamouth nao hawakupiga. Na wote tunakumbuka vile ile ile 2019 CENI ilitangaza hesabu, na maaskofu wa CENCO, waliotuma waangalizi 40.000, wakasema hesabu ile haipatane na ile waliyookota ku mabiro ya kura. Korti ya Katiba ikathibitisha hesabu ya CENI. Leo hatufungue tena ile kesi. Tunakumbusha tu kama maneno yote ya ule wakati yalizunguka kitu kimoja: karatasi ya PV ya kila biro. Nani aliiona? Nani ana kopi?

Wengine watasema dawa ni mashini. Ndugu wa atelie wanapenda mashini, na sisi pia. Lakini turudi Iowa mara ya mwisho, tarehe 3 mwezi wa 2, 2020. Safari hii ni chama cha Democrats, chama kingine. Walitaka hesabu ipite mu programu mupya ya telefone. Programu ikakwama. Wenye kuhesabu wakapiga simu, laini zikajaa. Usiku ule hakukutoka hesabu hata moja, na hesabu yote ilitimia kisha siku tatu, ikiwa na makosa ndani. Pete Buttigieg alikuwa mbele kwa hesabu ya wajumbe wa jimbo, kwa upana wa unywele. Bernie Sanders alikuwa mbele kwa kura za kwanza za watu, karibu 6.000. Kila mumoja akasema ni yeye. Shirika la habari la AP, lenye kuzoea kutaja washindi, likakataa kutaja mutu. Na pale tena mukubwa wa chama akaacha kiti. Kitu kimoja tu kilisaidia: mwaka ule, kwa mara ya kwanza, kila mutu alikuwa amejaza karatasi yenye jina lake na kandida wake. Mashini ilikufa, karatasi zikabakia, wakaweza kurudilia hesabu fasi kwa fasi. Hata hivyo heshima ilishaharibika: mwaka 2024 Democrats waliondoa Iowa ku kiti cha kwanza, wakakipana South Carolina.

Sasa turudi ku mulango wetu. Muchimbaji wa mukono hana lazima ya kufundishwa haya. Anajua namna mufuko unavyotoka ku shimo ukiwa nzito, na unavyofika ku depo ukiwa mwepesi. Mizani ni ya mwenye kununua. Mashini ya kupima teneri ni ya mwenye kununua. Anayesoma namba ni mutoto wa mwenye kununua. Kama muchimbaji hakupima mbele na hakuandika, anaweza kulia namna gani? Atapokea ile anapewa.

Na sisi wa kompani? Tuseme ukweli wetu, hata kama unatupatisha haya. Kuko uchaguzi mumoja wa wadelege, ku kompani moja ya huku ambayo hatutaitaja. Masanduku yalikuwa matatu: ya ekipi ya asubui, ya mangaribi, na ya usiku. La ekipi ya usiku lilipandishwa mu jipu saa kumi na moja asubui, likaenda ku biro likiwa bila mutu wetu pembeni. Tulikuwa wapi? Tulikuwa tunakimbilia bisi. Tulikuwa tumechoka, macho yamejaa vumbi, kila mutu anatafuta kitanda. Saa mbili, majina yalibandikwa ku mulango wa kantini. Saa tatu njo tukasikia kama sanduku la usiku lilikuwa halijafunguliwa. Walilifungua nyuma, bila sisi, wakasema haligeuze kitu.

Kijana mumoja wa ekipi ile alikuwa amehesabu watu waliopiga kura, akaandika ile hesabu nyuma ya buletini yake ya mushahara. Hesabu yake na hesabu ya kubandikwa havikupatana. Tukaenda kulalamika fasi inayostahili. Wakatuuliza: «PV yenye sinyatire iko wapi?» Haikuwako. «Shahidi wenu aliyetia mukono ni nani?» Hakuwako. «Basi karatasi hii ni ya nani?» Ni ya mutoto wa watu, ndugu, nyuma ya buletini. Tukarudi. Ile ekipi ya usiku ilikaa muda muzima na wadelege ambao haikuwajua. Wakati wa kupunguza watu, majina ya kwanza yalitoka kwao. Hatuwezi kuonyesha kama hii ilizaa ile. Lakini bamama waliopokea bwana zao asubui na barua ya mwisho mukononi walituuliza swali hilo, na tulikosa jibu.

Njo maana ile hadisi ya kijana wa Iowa inatugusa. Yule na wetu walifanya kitu kimoja: waliandika. Tofauti ni kama nyuma ya yule wa kwanza kulikuwa karatasi rasmi, zenye sinyatire, za fasi karibu zote, za kulinganisha. Nyuma ya wetu hakukuwa kitu. Hakukosa akili wala uhodari. Sisi njo tulimukosesha karatasi.

Kwa hiyo, ku uchaguzi unaokuja, tunaomba mambo haya, na tunaomba kwanza kwetu wenyewe mbele ya kuomba kwa kompani.

Kwanza, sanduku lihesabiwe palepale kura zilipopigiwa, mbele ya watu, na taa ikiwa inawaka. Kama ni usiku, tuko na lampe za kichwa.

Pili, PV iandikwe kwa namba na kwa maneno. «2» inaweza kuwa «22» kwa mukwaruzo mumoja wa biki. «Mbili» haiwezi kuwa «ishirini na mbili» vyepesi hivyo.

Tatu, kila kandida awe na shahidi, na kila shahidi aondoke na kopi yenye sinyatire za wote. Kopi moja ibandikwe ku mulango, nayo ipigwe foto na yeyote anayetaka. Foto ya telefone ni nzuri, lakini iwe foto ya karatasi yenye sinyatire.

Ine, mutu asitangaze jina hata moja mbele ya sanduku la mwisho kufunguliwa. Asubui ingoje usiku. Ekipi ya chini ingojee ile ya juu. Kama bisi inaondoka, iondoke. Kompani itafute bisi ya pili, na kama haitafuti, tutembee.

Tano, hili ni la kila mumoja wetu: tusitoke mu sale. Kupiga kura ni dakika tano. Kulinda kura ni usiku muzima. Tupange zamu, vile tunapanga zamu ku kilio, na bamama wanaoweza kuleta chai watakuwa wametuchagulia pia.

Kuko wakandida, hata ndani ya sendika yetu, ambao haya hayatawapendeza. Watasema hatuwaamini. Tunawajibu: si neno la kuamini. Hata ndugu wawili wa tumbo moja, wakigawana mufuko wa minerai, wanapima mbele ya wote wawili, na hakuna anayekasirika. Mwenye kushinda kwa hesabu ya wazi anapata kitu kizuri kuliko kiti: anapata watu wa kumufuata siku ya kusimama mbele ya wakubwa wa kompani. Mwenye kushinda gizani, siku ile ataangalia nyuma, ataona hakuna mutu.

Na wewe ndugu wa atelie uliyetuuliza: unaona basi, Wazungu nao wanakosea, wanapoteza makaratasi, wanatangaza haraka, wanakasirikiana. Walichotuzidi katika hadisi hii ni kidogo, na hakihitaji feza mingi: kijana na biki yake, na karatasi iliyotiwa mikono ya kulinganisha. Biki tuko nazo. Usiku wa uchaguzi njoo na yako, ukae karibu na sanduku.